Kamba Nne za Kisima

Zipu ya ule mfuko niliifunga mimi. Ilikwama kidogo karibu na kidevu cha marehemu, nikairudisha nyuma, nikaivuta tena, ikapita. Binti yake alikuwa amesimama nje ya kamba iliyozungushwa kambi ya wagonjwa wa kipindupindu, hatua kumi hivi kutoka pale nilipoinama, na aliona kila kitu. Hakulia. Aliniambia tu, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Wewe mwaga maharage, mama yangu hajaoshwa."

Nikamwambia ndiyo utaratibu. Neno hilo nilikuwa nimelizoea kwa wiki mbili tu, na tayari lilikuwa linanitoka kabla sijafikiri.

Jina la mwaga maharage nilikuwa nimelipata siku nne kabla, kwenye banda la chakula la binti huyo pale Kilosa mjini. Amri ilitoka kwamba chakula cha kupikwa kisiuzwe barabarani mpaka kipindupindu kipite, na yeye akaendelea kuuza, akiwa ameficha masufuria nyuma ya pazia la khanga. Tulikwenda na bwana afya na mgambo wawili. Bwana afya alisema, mgambo walisimama, na mimi, kibarua, ndiye niliyebeba sufuria hadi kwenye shimo. Maharage yalikuwa ya nazi. Nakumbuka harufu yake kwa sababu asubuhi ile sikuwa nimekula.

Kazi hiyo sikuitafuta. Mimi shule niliacha darasa la sita, si kwa sababu ya ada wala kufeli, ila kulikuwa na barabara nyuma ya darasa na magari yalikuwa yanapita. Tangu hapo sijakaa mahali mvua mbili. Nilikuwa utingo wa lori la mbao lililokuwa linashuka kutoka Nyanda za Juu, na tulipofika Mikumi tukakuta ndoo zenye bomba zimepangwa kando ya lami, kila abiria anashuka, ananawa, anaulizwa anatoka wapi. Nikashuka kutazama. Nikauliza kwa nini maji yananuka dawa. Nikauliza dawa inakaa muda gani ndani ya maji kabla haijafa. Nikauliza kama mdudu anaweza kukaa kwenye usukani. Dereva wangu alipiga honi mara mbili, mara ya tatu akaondoka na begi langu.

Aliyekuwa ananijibu alikuwa mtu mfupi wa makamo, amevaa gambuti nyeusi na kofia ya jua. Akatazama lori linavyopotea, akanitazama mimi.

"Una ndugu Kilosa?"

"Sina hata mmoja."

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi nakuhitaji. Kila kibarua niliyempata huku ana shangazi anayeuza uji."

Huyo ndiye alikuwa bwana afya. Alinipa bomba la dawa la kubeba mgongoni, glavu, aproni ya plastiki na miwani mikubwa iliyonifanya nione dunia yote imejaa ukungu. Tulikuwa na seti mbili tu za mavazi hayo, ya kwake na ya kwangu, tukizifua kwa klorini na kuzianika juani kila siku.

Siku ile ya zipu tulipakia mwili kwenye pikapu kuupeleka kijijini kwao, upande wa Rudewa. Utaratibu ulikuwa huu: mwili hautolewi kwenye mfuko, unazikwa siku hiyohiyo, wanaozika ni wachache, hakuna kupika wala kula msibani. Ndugu haruhusiwi kupanda gari moja na maiti. Binti akakodi bodaboda, akawa nyuma yetu njia nzima. Mimi nilikaa bodi ya nyuma pamoja na mfuko na bomba langu. Kila gari likiruka shimo naona khanga yake ndani ya vumbi, inapotea, inatokea tena. Sikupenda. Nilitamani ashuke, au mimi nishuke, au barabara iishe.

Njiani dereva alisimama kupoza rejeta, nami nikasogea dirishani kwa bwana afya. Kwa wiki mbili nilikuwa namuuliza kwao wapi, naye ananijibu "kwetu kazini." Siku hiyo alikuwa amechoka.

"Tabora," akasema. "Mimi Mnyamwezi. Na ufunge mdomo."

"Kwani ni siri?"

"Huku kwa Wasagara na Wakaguru wote ni watani zangu. Tangu enzi za babu zetu walipokuwa wanapita na mizigo kwenda pwani. Nikishajulikana, nani ataniogopa? Nitamwambia mtu funga kilabu, atacheka, ataniletea na mimi kata ya pombe. Serikali haiwezi kuwa mtani wa mtu."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa. Kuelewa na kunyamaza ni vitu viwili, na mimi nimejaliwa kimoja.

Kijiji chenyewe kilikuwa katikati ya mashamba ya mkonge ya zamani, mkonge uliojiotea ovyo kati ya mahindi. Tulipofika msiba ulishaanza. Turubai limefungwa, wanaume wamejaa kwenye mikeka, na nyuma ya nyumba masufuria matatu makubwa yako motoni. Kwenye kisima cha kijiji tuliona miba tuliyoiweka wiki iliyopita kukifunga bado iko, imesogezwa kidogo tu upande mmoja, upana wa mtu kupita.

Mzee mmoja akaja kusimama mbele ya gari. Mrefu, kanzu na koti la kaki. Alikuwa kaka wa marehemu, mjomba wa yule binti, na huku mjomba ndiye mwenye msiba.

Bwana afya akashuka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fungueni mfuko."

"Mzee, hilo haliwezekani."

"Nimesema fungueni. Dada yangu si mzigo wa mkaa."

Bwana afya akatoa karatasi yake, akaanza kusoma sheria. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kusikika, kifungu baada ya kifungu. Wakati anasoma, wanawake walikuja wakakaa chini mbele ya gari, mmoja mmoja, wakanyoosha miguu. Mgambo wetu wawili wakatazamana. Jua lilikuwa la saa saba. Chini ya plastiki ile kulikuwa na mtu, na joto lile halikuwa linamsubiri nani amalize kusoma.

Binti alikuwa ameshuka kwenye bodaboda, vumbi limemjaa mpaka kope. Akapita katikati ya wanawake, akamsimamia bwana afya.

"Chakula sitaki. Matanga sitaki. Watu wakae mbali, sawa. Mimi nataka kumuosha mama yangu, basi. Nikishamuosha fungeni mfuko wenu hata kwa misumari."

"Dada, utaugua."

"Nilimuuguza siku mbili kabla hamjamchukua. Nilimfuta kwa mkono huu. Wakati ule mlikuwa wapi na mfuko?"

Bwana afya akashusha karatasi. Akawageukia mgambo, na mimi nikaona anachotaka kusema: waondoeni hawa wanawake. Mgambo mmoja alishaanza kushika fimbo yake. Miguu ikaniwasha kama kawaida yangu ninapotaka kukimbia, lakini nilikuwa juu ya gari, mfuko miguuni. Kitu pekee nilichoweza kukikimbiza kilikuwa mdomo.

"Jamani," nikapaza sauti, "huyu ni Mnyamwezi! Ni mtani wenu!"

Bwana afya alinigeukia, na kama macho yangekuwa klorini ningeungua pale pale.

Kisha bibi mmoja kati ya wale waliokaa chini akapiga kofi. "Mnyamwezi! Ndiyo maana anasoma karatasi msibani. Amesahau mzigo wake hapa, amekuja kuuchukua!"

"Shikamoo yake irudishwe," akasema mwingine. "Siipokei ya mpagazi!"

"Mvueni hiyo kofia, tuone kama kichwa bado kina alama ya kubebea mizigo!"

Mtu akamnyang'anya kofia kweli. Mgambo wetu mmoja alikuwa anacheka, amegeukia tairi ili asionekane. Nikajua nimeharibu. Sasa asingefunga hata banda la karanga.

Bwana afya alisimama bila kofia, upara unang'aa, karatasi mkononi. Akaitazama karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Halafu, bila kumwambia mtu, akatembea kwa gambuti zake hadi nyuma ya nyumba, nasi tukamsikia anapiga kelele.

"Nani kapika wali bila kuniita? Mimi nimetembea toka Tabora, mnakula peke yenu? Basi leo hamli!" Tukasikia sufuria la kwanza linapinduka.

Mtu yeyote mwingine angepigwa. Nilisubiri kelele za kumpiga. Nilichosikia ni vicheko. Wapishi wenyewe walikuja mbele wakikimbia, wameshika midomo. "Mtani kamwaga wote! Kasema ameutia dawa, kuku wenyewe wasiuguse!" Wiki nzima tulikuwa tunamwaga vyakula na kutukanwa. Huyu alimwaga masufuria matatu ya msiba na watu wanamsifu.

Akarudi amejaa majivu. Akasimama mbele ya mjomba, si kama alivyosimama mwanzo.

"Haya, wewe mla mihogo. Msiba huu wa nani?"

Mjomba akajaribu kukaza uso. "Wa kwangu."

"Mtani akishafika ni wa nani?"

Watu nyuma ya mzee wakajibu kwa niaba yake: "Wa mtani!"

"Basi naamuru. Watu wote wakae ng'ambo ya ule mstari wa mkonge, atakayevuka nitamuoa. Watakaoosha ni wawili, huyu binti na mwanamke mmoja anayejua kuosha. Wanavaa nitakachowapa na wanafuata nitakachosema. Vinginevyo huyu marehemu wenu naenda naye Tabora akanilimie tumbaku."

Binti hakucheka. Alikuwa anamtazama mdomoni kama mtu anayehofia neno litarudishwa ndani.

Bwana afya akanifuata kwenye gari. Sauti yake ilikuwa imerudi ya kazini. "Vua."

Nikavua aproni, glavu, miwani, gambuti. Naye akavua zake. Binti akavaa zangu. Gambuti zilikuwa kubwa, akajaza khanga vidoleni. Mwoshaji, bibi wa makamo mwenye mikono mikubwa, akavaa za bwana afya. Tukazungushia mikeka minne kando ya nyumba, tukashusha mwili ndani, tukatoka.

Mimi nilikoroga maji. Nilipima klorini mara tatu, na bwana afya akaja kuonja harufu kama mpishi. Kisha akasimama nje ya mikeka, ameipa mgongo, pekupeku, akawa anaelekeza kwa sauti ya chini. Mimina toka kichwani kwenda miguuni. Usikamue tumbo. Kitambaa kikishatumika kiweke kwenye ndoo ya kushoto. Sasa hivi hakukuwa na utani hata kidogo. Ndani tulisikia maji, na kila baada ya muda sauti ya binti akimwambia mama yake kitu kwa Kisagara. Sikukielewa, na hiyo ni mojawapo ya mara chache sana maishani ambazo sikuuliza.

Walipomaliza walimvika sanda, wakamrudisha ndani ya mfuko. Nikasikia zipu. Ilikwama mahali, ikarudi, ikapita. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni mkono wa nani.

Nilidhani tumemaliza. Waliobeba walikuwa sita, wamevaa glavu, kaburi liko tayari. Swala ikaswaliwa kwa umbali. Ndipo bwana afya akarukia ndani ya kaburi, akalala chali, akafumba macho.

Mtani huwa anafanya hivyo huko, hatoki mpaka apewe anachodai. Watu wakalisogelea kwa mbali wakitabasamu, wanangoja adai kuku.

"Toka, mtani! Unataka nini?"

"Nataka kamba na ndoo ya kisima mlichofungiwa."

Tabasamu zikapungua. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye wiki nzima alikuwa anaapa kwamba hakuna anayechota pale, akatazama juu kama anayetafuta mvua.

"Kisima kimefungwa, mtani. Kamba ya nini?"

"Sijui. Mimi nimelala. Zikeni juu yangu."

Jua lilikuwa linashuka, mwili uko kwenye machela, binti amesimama na maji ya klorini yanamchuruzika kwenye viwiko. Alikuwa ameshapata alichotaka, na bado mama yake hakuwa ardhini. Akamgeukia mjomba wake. Akamkazia macho. Mzee alivumilia yale macho kwa muda, kisha akaondoka kwa hatua ndefu, akaingia nyumbani kwake, akatoka na kamba imeviringwa begani na ndoo yenye kipande cha tairi. Kamba ilikuwa mbichi, inadondosha maji.

Akaitupa ukingoni mwa kaburi. "Haya. Hiyo hapo."

Kabla bwana afya hajainuka, mama mmoja akaja na nyingine. Kisha kijana mwenye bodaboda. Kisha mwenyekiti mwenyewe, akitembea kama aliyeitwa mbele ya darasa. Kamba nne. Tulikuwa tumekuja na karatasi, miba, mgambo na spika, na hatukupata hata uzi.

Bwana afya akatoka, akajikung'uta. Mama akazikwa.

Jioni ile kwenye boneti ya gari nilijaza fomu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa unasomeka kuliko wake. Kulikuwa na mstari: walioshughulika na mwili.

"Andika mimi na wewe," akasema.

"Mimi sikuosha."

"Mavazi ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi uliosha. Na aliyeshika mwili anakaa chini ya uangalizi siku tano. Mimi nitajiangalia kambini. Wewe huna makazi, ukitoka hapa nakupata wapi? Utakaa hapa. Na ukiwa hapa, utawaangalia wale wawili. Akiharisha mmoja, piga simu, usingoje."

Nikamwambia siwezi kukaa siku tano mahali. Akasema hiyo ni adhabu ya mdomo wangu, akachukua kofia yake kwa bibi aliyemnyang'anya, akaondoka na kamba zote nne.

Sijawahi kukaa siku ndefu kama zile. Nilipewa banda la kuku lililohamwa na kuku. Asubuhi nakoroga klorini, nawapelekea, napulizia choo, nimemaliza, na ni saa mbili tu. Nilihesabu mistari ya mkonge. Niliwauliza wachungaji wa Kimasai waliopita na ng'ombe wanakokwenda, na walipojibu niliumia. Treni mpya ilikuwa inasikika mbali upande wa Kilosa, na kila ikipita nilikuwa nimesimama, sijui nimesimama saa ngapi.

Zaidi ya yote nilikaa natazama njia ya chooni. Mwoshaji alikuwa mzima. Lakini siku ya tatu, kabla ya chai, binti alienda mara mbili. Nikajiambia ni kawaida. Akaenda mara ya tatu, safari hii anakimbia. Nikatoa simu. Nilikuwa nawaza pikapu inarudi, mfuko mwingine mweupe, na nani sasa ataoshwa na nani. Ningekuwa nimeua mtu kwa kupiga kelele juu ya gari. Kidole kilikuwa kwenye namba alipotoka chooni akaniona.

"Unanihesabia?"

"Mara ya tatu, dada. Lazima nipige."

"Weka simu chini. Ni maharage. Nilikuwa na njaa, nikayatoa jikoni hayajaiva." Akanawa kwenye ndoo, mkono kwa mkono, mpaka viwiko, kama alivyoelekezwa. "Siku ambayo ungemwaga ni leo, na hukumwaga."

Sikuweka simu chini. Nilikaa naye uani mpaka adhuhuri, yeye kivulini, mimi juani, nikimpa maji ya chumvi na sukari kikombe baada ya kikombe, tukingoja. Alinitukana kwa kila kikombe. Hakurudi tena chooni. Alipolala nilitembea kulizunguka lile shamba mara sita.

Siku ya tano bwana afya alikuja na pikipiki, mzima, gambuti mpya. Akauliza nani ameugua, nikasema hakuna. Akauliza kama nitaendelea na kazi kijiji kinachofuata. Tayari nilikuwa nimebeba kifuko changu begani, na alikiona.

Binti alikuwa anapeta mchele mlangoni. Nikamuaga. Nikataka kusema pole, au samahani kwa zipu ya kwanza, sikujua neno lipi linatangulia.

"Fomu yenu imeandika nani alimuosha mama?" akaniuliza. Mjomba alikuwa amemwambia kuna fomu.

"Imeandika mimi."

Akapeta mara mbili tatu, akapuliza makapi.

"Acha iandike," akasema. "Mimi najua."

Nilitembea hadi barabarani. Kisimani miba ilikuwa imerudishwa vizuri, imeziba pande zote, na hakukuwa na nyayo mbichi. Lori la kwanza lililosimama lilikuwa linakwenda Dumila. Sikuuliza kwanza, nilipanda.